Nilimsomea mama barua kimakosa. Miaka 13 baadaye, nimwambie?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, nina mume na watoto wawili, naishi Tanga mjini, Ngamiani. Namba ya barabara naomba usiitoe, maana huku ukitaja barabara tu watu wanakujua mpaka mlango. Safu yako naisoma siku nyingi, ila sikudhani kama ipo siku nami nitaandika. Tangu mwezi wa tatu nina jambo limenikaa kifuani, silali.

Baba alikuwa kibarua wa bandarini, kwenye matishari, enzi zile meli zinatia nanga katikati ya ghuba na mizigo inafuatwa huko huko. Mwaka 1989, mimi nina miaka 4 na kaka yangu 7, ilikuja meli kuchukua katani, baba akaondoka nayo. Baadaye tukasikia yuko Uingereza, Liverpool, ameoa huko. Talaka hakutoa, barua hatukuiona, shilingi hatukuiona. Mama alitulea kwa vitumbua vya asubuhi na mikeka. Mchana kutwa alikuwa na ukili mkononi, na mpaka leo nikisikia harufu ya miyaa iliyotiwa rangi namuona yeye enzi za ujana wake. Hakuolewa tena.

Mwaka 2011 ikaja barua kupitia sanduku la posta la mjomba. Iliandikwa kwa Kiingereza na msichana aliyesema naye ni mtoto wa baba yetu. Alieleza kwamba baba alifariki miezi minane kabla. Nyumbani kwetu aliyefika kidato cha nne ni mimi peke yangu, basi nikaitwa kusoma. Nilikuwa na kamusi ndogo na, nisikufiche, nilijisikia fahari. Ukumbini alikuwepo mama, mjomba, kaka na jirani yetu mmoja. Mama amekaa mkekani anasuka, hainui macho.

Shuleni tulikaririshwa kwamba "will" ni -ta- na "would" ni -nge-. Na barua ile ilijaa "would". Nakuandikia sentensi zenyewe kama zilivyo, maana barua ninayo.

"Dad would talk about you every evening." Nikasoma: baba angezungumza habari zenu kila jioni.

"He would sit by the window with the radio and say your names." Nikasoma: angekaa dirishani na redio na kutaja majina yenu.

"He'd write to your mother every Eid." Kamusi ilinionyesha kwamba ile 'd ni "would", nikasoma: angemwandikia mama yenu kila Idi.

Hapo mama akasimamisha mikono. Akauliza, "Angezungumza kama nini? Angeandika kama nini? Alizuiwa na nini?" Nikamwambia, mama, barua haisemi. Akaniambia endelea.

"He always said he would come home." Nikasoma: alisema siku zote angerudi nyumbani. "He would have come, if he hadn't been so ashamed." Nikasoma: angekuja, kama asingeona haya sana. "He wouldn't let us throw away the old mat." Nikasoma: asingetuacha tutupe mkeka wa zamani. Mama akasema, "Mkeka gani tena? Huyu ni mtu wa ange."

Mwisho yule msichana aliandika, "Would you write to me?" Nikasoma: je, ungeniandikia? Mama akaukunja ukili wake taratibu, akauweka kwenye pakacha, akasema, "Mwambie ningemwandikia." Akaingia chumbani.

Hakuna aliyejibu. Mama alikataa hitima. Shehe alisema muda wa eda ulikwisha kupita tangu siku ya kifo, kwa hiyo hata eda hakukaa. Likabaki lile neno. Nyumbani kwetu mtu akiahidi kitu na asikitimize, mama humwambia, "Usiniletee ange." Wajukuu wake wanalisema na hawajui lilikotoka.

Sasa, mimi nafanya kazi ya kupokea wageni kwenye nyumba ya wageni upande wa Raskazone. Mwezi wa tatu tulikuwa na mgeni, bibi wa Kiingereza, amekuja kuona mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Asubuhi moja nimemwekea vitumbua, akala kimoja, akafumba macho, akasema, "My mother would make pancakes on Sundays." Nikamuuliza kwa Kiingereza changu kwa nini hakuwa akipika. Akanitazama. Akaniambia, "Lakini alipika. Kila Jumapili." Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikaiweka chini kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Jioni niliifungua ile barua. Shangazi, baba alikuwa akituzungumza kila jioni. Alikuwa akimwandikia mama kila Idi. Mimi kwa mdomo wangu nimemwambia mama kwamba hakufanya hata kimoja.

Mama sasa ana miaka 68. Ana presha, na macho yamepungua, ukili mwembamba hauoni ila vidole bado vinasuka. Mume wangu anasema nimwambie leo kabla ya kesho. Kaka anasema, "Usimfukulie mama maiti." Nikimwambia naogopa nitamuua. Nisipomwambia nitamzika na uongo wangu. Nifanye nini?

Binti wa Ngamiani

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Kabla ya kukaa hapa kujibu barua za watu nilifundisha Kiingereza sekondari zaidi ya miaka 20, na ubaoni niliandika vile vile ulivyoandikiwa wewe: "would" ni -nge-. Niliwakaririsha watoto wa watu nikaona nimewarahisishia. Kwa hiyo unapoandika "uongo wangu", mimi neno hilo silikubali. Mwongo anaujua ukweli akauficha. Wewe ulisoma kwa kadiri ulivyofundishwa, mbele ya wakubwa zako, na hakuna aliyekuwa na Kiingereza cha kukusahihisha.

Unaniuliza kama umwambie mama. Lakini naona ndani yake yamo mambo mengine mawili, nayo tuyatazame kwanza: barua ile ilisema nini hasa, na ni nani aliyeombwa jibu.

Tuanze na maneno, maana naogopa usije ukatoka kwenye kosa la kwanza ukaingia la pili. "Would" asili yake ni "will" ya wakati uliopita, na "will" ya zamani maana yake ilikuwa kutaka. Lisikushangaze hilo. Hata -ta- yetu imetokana na -taka. Sema "mgeni atakayekuja kesho" usikilize, -taka- bado imo nzima. Basi Mwingereza kwa neno hilo moja husema jambo ambalo mtu jana alilitaka akawa analirudia, au alilikataa, au aliliahidi, au angalilifanya lakini hakulifanya. Kisha hulitumia tena kwa kuomba kwa adabu. Sisi kila kazi tumeipa chombo chake: alikuwa akifanya, alikataa, alisema atafanya, angalifanya, naomba ufanye. Mwenye kufasiri hana budi kuchagua kila mara, na barua ile ilikutaka uchague mara saba.

Sentensi ya jioni na ya dirishani hazina shaka. Lile "every evening" ndilo linaloamua. Panapotajwa mara kwa mara, kila jioni, kila Jumapili, na hakuna "if" iliyotajwa wala iliyojificha, hiyo ni mazoea ya zamani: alikuwa akizungumza, alikuwa akikaa. Mama yako alilihisi hilo kabla yako na kabla yangu. Hajui Kiingereza, lakini aliuliza swali ambalo mwalimu mzuri angeliuliza: "Angezungumza kama nini?" Kwa Kiswahili, -nge- isiyo na "kama" yake inaning'inia. Sikio la mama lilikataa sentensi ile, nawe ukamjibu kwa uaminifu kwamba barua haisemi. Haikusema kwa sababu sharti halikuwepo.

Ya mkeka nayo i wazi, na ndiyo iliyonishika zaidi. "Wouldn't" pale ni hakutaka, tena alikataa katakata: hakukubali mkeka wa zamani utupwe. Barua haisemi ni mkeka wa nani. Wewe na mimi tunaweza kukisia, lakini tusiuweke mkeka ule mikononi mwa mama kwa kukisia.

"He always said he would come home" ni ahadi tu. Kiingereza kikisimulia kauli ya mtu hurudisha nyuma wakati wa kitenzi; sisi hatufanyi hivyo. Alikuwa akisema siku zote kwamba atarudi.

Lakini ile ya kuona haya, mwanangu, uliisoma sawasawa. Ina "if" yake mbele ya macho, na "would have" yake ni jambo lililokwisha kupita bila kutendeka. Mimi ningesema "angalikuja, kama asingaliona haya kiasi kile", ila hiyo ni tofauti ndogo ya ufasaha, na watu wengi siku hizi wanatumia -nge- kwa yote mawili. Maana ni ile ile: hakuja. Kati ya "would" saba, hiyo moja ilikuwa "ange" ya kweli. Nakuomba uishike, kwa sababu ukienda kwa mama ukamwambia kwamba ange zote zilikuwa makosa, utakuwa umemsomea vibaya kwa mara nyingine.

Nimeiacha ya Idi kwa makusudi. Umeshaandika, "Alikuwa akimwandikia mama kila Idi", na kisarufi uko sahihi. Ile 'd huweza kuwa "would" au "had", na kinachotofautisha ni kitenzi kinachofuata: ingekuwa "he'd written" tungesema alikuwa ameandika, lakini ni "he'd write", basi ni alikuwa akiandika. Sawa. Ila kuandika si kutuma. Binti yule aliona baba yake akiandika. Hakusema aliona barua zikipelekwa posta. Na mama, nijuavyo wanawake waliokaa na jambo miaka mingi, atahesabu kabla hujamaliza sentensi. Idi ni mbili kwa mwaka. Tangu 1989 mpaka alipofariki, hizo ni barua zaidi ya 40. Atakuuliza, ziko wapi?

Hapo una majibu matatu na yote yanauma. Huenda aliandika akazifungia sandukuni kwa haya ile ile iliyomzuia kurudi. Huenda alizituma zikapotea njiani. Au huenda zilifika Tanga zikapokelewa na mtu ambaye, kwa sababu alizoziona nzuri wakati ule, hakuzitoa. Umesema barua ya 2011 ilikuja kwenye sanduku la mjomba. Simtuhumu mjomba wako, tafadhali nisikie vizuri. Baba yako anaweza kuwa aliondoka na namba ya sanduku lile mfukoni na binti akaikuta kwenye makaratasi yake. Lakini mama naye atafika hapo, na huyo ni kaka yake. Kusahihisha kitenzi kimoja kunaweza kufungua ugomvi kati ya watu wawili walio hai, na hilo sidhani kama mumeo amelifikiria anaposema "leo kabla ya kesho".

Sasa niulize jambo kwa upole. Unaamini kwamba aliyemuumiza mama ni wewe, kwa usomaji wako wa siku moja. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na miaka 22 isiyo na talaka, isiyo na shilingi, vitumbua kila alfajiri. Ukimsomea sawasawa leo, miaka hiyo itabaki pale pale. Tena wapo wanawake ambao habari ya mume aliyekaa dirishani akitaja majina ingewauma zaidi kuliko ya mume aliyesahau. Aliyesahau unaweza kumwacha aende zake. Aliyekuwa akikukumbuka kila jioni na bado hakuleta hata kilo ya unga, huyo utamuweka wapi moyoni? Sisemi mama ataona hivyo. Nasema usiende kwake ukitarajia kwamba atafurahi, wala ukiwa na hakika kwamba atavunjika. Hatujui.

Kaka yako nisingemdharau. Alikuwa na miaka 7 baba alipoondoka, na mtoto wa miaka 7 anakumbuka. Huenda anaposema usimfukue maiti anamlinda mama, huenda anajilinda mwenyewe. Umekaa naye ukamsomea yeye ile barua upya, neno kwa neno? Yeye naye ni mtoto wa yule aliyekuwa akitaja majina. Kama bado hujafanya hivyo, mnabishana juu ya barua ambayo mmoja wenu hajaisikia.

Kunyamaza ni njia mojawapo, na sitakuficha kwamba wapo watu wema walioichagua. Hatari yake ni kwamba siri hii haiko kwako peke yako. Mume anajua, kaka anajua. Siku moja mjukuu atasema "usiniletee ange", mtu mzima mmoja atabadilika uso, na mama ataona. Kusikia hivyo, kwa pembeni, ni vibaya kuliko kuambiwa.

Kumwambia yote kwa mkupuo nako ni njia. Ukiielekea, angalia unaanza na nini. Ukianza na "mama nisamehe, nilikosea", ukalia, mama atafanya alichofanya maisha yake yote: ataacha lake akubembeleze wewe. Utakuwa umetua mzigo wako, na yeye hajapata hata dakika ya kumsikia mumewe. Kosa lako liseme kwa ufupi, kisha rudi kwenye barua.

Ipo ya katikati, nayo ni kumpa mama mlango aamue mwenyewe kuufungua. Siku ambayo ametoka kliniki na presha iko sawa, mkiwa wawili, umwambie: "Mama, ile barua ya mwaka 2011 nimeisoma tena. Kiingereza changu kimekua, nimeona mahali nilipokosea. Ukitaka nitakusomea upya." Unyamaze hapo. Akisema soma, soma polepole, na ile ya haya isome vile vile ulivyoisoma mwanzo. Akiuliza za Idi zilikwenda wapi, mwambie hujui, usimpe dhana. Na akisema sitaki, basi hataki, na itakubidi uweze kuishi na "sitaki" hiyo bila kumrudia kila wiki. Hiyo ndiyo hatari yake, na kwa tabia yako ninavyoiona kwenye barua yako, itakuwa ngumu kwako kuliko kwake.

Sasa nije kwa huyu ambaye umemtaja mara mbili tu, msichana wa Liverpool. Rudi kwenye sentensi ya mwisho: "Would you write to me?" Hiyo si ange kabisa. Ni ombi la adabu, kama sisi tunavyosema "naomba uniandikie". Na kuna jambo lingine ndani yake. "You" ya Kiingereza haionyeshi kama ni mmoja au ni wengi. Huenda ni uniandikie, huenda ni mniandikie. Ulilielekeza kwa mama, naye akajibu kwa uchungu wake. Lakini tazama barua nzima: anasema "your mother" anapomtaja mama, kwa hiyo anayezungumza naye si mama. Anazungumza na watoto. Mwanangu, aliyeombwa aandike ni wewe na kaka yako.

Simlaumu mtu hapa. Nakuonyesha tu kwamba jibu hilo halimhusu mama peke yake, na kwamba linaweza kuandikwa bila kumngoja. Binti yule alifiwa na baba, akaandika kwa watu asiowajua, akakaa kimya cha miaka 13. Naye huenda ana tafsiri yake ya kimya kile: kwamba mlimchukia. Ukimwandikia unaweza kujua habari za barua za Idi kabla mama hajakuuliza. Unaweza pia kukuta anwani imebadilika, au mtu aliyekwisha kuufunga moyo wake, au majibu ambayo utatamani hukuyapata. Na utakuwa unaongeza kitu kingine ambacho mama hakijui. Wengine wangependa waende kwa mama kwanza ili asije akaona mmepita nyuma yake. Wengine wangependa waende kwa mama wakiwa na habari kamili mkononi. Wewe unamjua mama yako kuliko mimi. Ni mtu wa kuuliza "kwa nini hukuniambia mapema", au ni wa kuuliza "kwa nini umeniambia nusu"?

Habari ya hitima usiifanye sharti wala zawadi ya mazungumzo haya. Mama akitaka siku yoyote kumwombea, dua haina muda, shehe wenu atamwelekeza. Asipotaka, ni yake na Mola wake.

Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika Kiingereza cha barua hiyo, niletee rasimu yako, nitaipitia mwenyewe, na nitakuwa mwangalifu na kila "would". Na utakapomwandikia, muulize kuhusu mkeka. Muulize kama bado upo na rangi zake ni zipi, na kama anaweza, akate kipande kidogo cha ukili pembeni akutumie ndani ya bahasha. Macho ya mama yamepungua, lakini umesema vidole vyake bado vinasuka.

Shangazi yako